Swichi Nyingi Hutoa Ruhusa Tu: Niliyojifunza Ndani ya Gari-Nyumba Kuukuu

Ukinunua gari-nyumba lililokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, injini na matairi utayaelewa siku hiyo hiyo. Kitakachokuchelewesha ni swichi. Ziko kwenye dashibodi, juu ya jiko, ndani ya kabati la nguo, kando ya mlango, na nyingine ziko mahali ambapo mtu mwenye akili zake hangeweka swichi. Maandishi yamefutika, au zimebaki herufi mbili tatu, au yapo yote lakini hayakuambii kitu. Kitabu cha maelezo nilikuwa nacho. Tatizo lake ni kwamba kiliandikwa kwa ajili ya modeli nyingi kwa mpigo, kikarudia "kama gari lako limewekewa" karibu kila ukurasa, na mtu aliyekiandika hakuwa na habari ya yale ambayo wenye gari waliofuata wangeyachomekea.

Kabla ya kugusa swichi yoyote ilinibidi nielewe kwamba umeme wa humo ndani si mmoja. Kuna betri ya injini, volti 12, inayopiga stata na kuwasha taa za barabarani na kila kilichokuja na gari lenyewe. Kuna betri ya nyumba, nayo ni ya volti 12, inayoendesha taa za ndani, pampu ya maji, feni ya hita na kengele ya kugundua gesi. Halafu kuna umeme mkubwa unaoingia kwa kebo kutoka nje au unaotoka kwenye jenereta: volti 120 kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, volti 230 kwa yale ya Ulaya. Huo ndio wa kiyoyozi cha paani, mikrowevu na soketi za ukutani. Katikati kuna konveta, sanduku linalopokea umeme mkubwa na kutoa volti 12 za kuchaji betri ya nyumba. Gari lenye inveta lina safari ya kurudi pia, kutoka betri kwenda kwenye soketi.

Maana yake ni kwamba swichi iliyokaa kimya huenda ni nzima kabisa, ila umeme wake haupo kwa wakati huo. Hita yangu ya maji ina swichi mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya gesi na moja ya umeme. Ile ya umeme haifanyi lolote usipochomeka kebo ya nje, na hata ukichomeka, magari kadhaa yana swichi ya tatu iliyofichwa nje ya gari, nyuma ya kifuniko cha hita yenyewe, pembeni chini. Anayesimama ndani akibonyeza kitufe kimoja atasema hita imekufa. Hita haina neno, inasubiri wenzake wawili wakubali.

Hapo ndipo nilipoanza kuziangalia swichi kwa jicho jingine. Swichi ya taa ya sebuleni hutoa amri: bonyeza, taa iwake. Swichi nyingi za gari-nyumba hazitoi amri, zinatoa ruhusa. Uamuzi wa mwisho unafanywa na kitu kingine: shinikizo la maji, joto la chumba, mlango, au ufunguo wa injini.

Pampu ya maji ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Nina swichi yake jikoni na nyingine bafuni, na zimeunganishwa kama zile za ngazi za nyumba ya ghorofa, kwa hiyo kujua iko juu au chini hakukusaidii. Nilipozibonyeza, wakati mwingine pampu ilinguruma, wakati mwingine kimya. Ndani ya pampu yenyewe kuna swichi ndogo ya shinikizo. Mabomba yakishajaa na shinikizo likifika kiwango chake, inakata. Ukifungua bomba na shinikizo likashuka, inaunga tena. Ukiibonyeza ya ukutani wakati mabomba yamejaa, husikii kitu, ingawa umeshaipa pampu ruhusa ya kufanya kazi usiku kucha. Mpira wa bomba ukichomoka ukiwa umelala, pampu itamwaga tangi lote sakafuni kwa utiifu kamili. Ndiyo maana siku hizi naizima kabla ya kulala na kabla ya kuondoka, na kuijua hali yake nafungua bomba badala ya kuangalia kitufe.

Ngazi ya mlangoni ilinisumbua zaidi, kwa sababu inaongea na wawili. Kuna swichi ndogo ndani, karibu na goti ukiwa unaingia. Ikiwa imewashwa, ngazi hushuka mlango ukifunguliwa na hupanda ukifungwa. Ukiizima ngazi ikiwa chini, inabaki chini, na hilo ndilo unalotaka mkiwa mmeegesha na watu wanaingia na kutoka. Lakini ukiwasha injini na kufunga mlango, ngazi inapanda hata kama swichi imezimwa, kwa kuwa mtengenezaji hakutaka mtu aondoke na ngazi ikiwa inaning'inia. Kuielewa swichi ile peke yake ilikuwa haiwezekani. Nilichukua karatasi, nikaandika mlango wazi au umefungwa, ufunguo umewashwa au umezimwa, swichi juu au chini, nikapitia kila mchanganyiko huku nikijaza kilichotokea. Jedwali dogo lenye mistari minane likamaliza ubishi.

Hita ya chumba, ile ya gesi, ina mlolongo mrefu zaidi wa ruhusa. Swichi yake iko kwenye kidhibiti joto cha ukutani, na kwenye vidhibiti vya zamani ni kijiti kidogo kinachosukumwa pembeni ambacho usipoambiwa hukioni. Ukiiwasha na chumba kikiwa na baridi kuliko kiwango ulichoweka, feni inaanza kuzunguka. Gesi bado. Ndani ya njia ya hewa kuna kibati chepesi kinachosukumwa na upepo wa feni, na kisipofika mwisho hakiungi, na kisipounga gesi haifunguki. Betri ikiwa dhaifu, feni inazunguka kivivu, upepo hautoshi, na hita inapuliza hewa baridi bila kukoma. Watu hufungua burna na kusafisha kila kona, kumbe ugonjwa uko kwenye betri. Pima volti feni ikiwa inazunguka, si kabla.

Sasa, utajuaje kama swichi iliyonyamaza imetoa ruhusa, inakula umeme mahali usipopaona, au imekufa kweli? Macho na masikio hayatoshi. Kilichonisaidia kuliko kifaa kingine chochote ni mita ya kubana, ile inayofungua mdomo na kuzunguka waya bila kuukata. Hapa kuna jambo la kuangalia dukani: mita nyingi za bei nafuu za aina hii hupima ampea za umeme mkubwa peke yake, yaani mkondo geu. Unahitaji inayopima mkondo mnyoofu wa betri, na kabla ya kila kipimo unaibonyeza irudi sifuri, kwani huwa inatangatanga.

Chomoa kebo ya nje, zima jenereta, zima kila kitu ndani. Bana mita kwenye kebo nene ya hasi ya betri ya nyumba, baada ya kuhakikisha kwamba nyaya zote za hasi zinapita ndani ya mdomo wake. Usitegemee kuona sifuri. Kengele ya gesi iko kazini saa zote, kumbukumbu ya redio pia, na bodi ya friji ikiwa friji inaendeshwa kwa gesi. Andika namba hiyo. Ndiyo sakafu yako. Kisha washa swichi moja, soma, izime, nenda kwa inayofuata. Mtu wa pili akisoma mita nawe ukitembea ndani, kazi inaisha upesi na kelele za "hiyo je?" zinakuwa burudani.

Namba zina tabia zake, na baada ya muda unaanza kuzitambua kama sura za watu. Balbu moja ya zamani ya uzi hula karibu ampea moja na nusu, ilhali ya LED hula sehemu ndogo tu ya hapo. Pampu ya maji inaruka mpaka ampea tano au zaidi inapovuta. Feni ya hita ya chumba iko jirani na hapo au juu kidogo. Ukibonyeza swichi isiyo na jina na mita ikapanda kwa ampea moja na nusu bila taa kuonekana, kuna balbu inawaka mahali fulani: ndani ya sanduku la mizigo, chini ya gari, au juu ya mlango upande wa nje. Toka ukaitafute, ikiwezekana jioni.

Swichi iliyonifundisha zaidi ilikuwa kwenye fremu ya friji, katikati ya mlango wa juu na wa chini, ndogo kama ukucha. Nikiiwasha hakuna kilichosikika, hakuna kilichowaka, friji haikubadilika. Mita ikapanda karibu nusu ampea na kukaa hapo. Kumbe ni kihita chembamba kilichopitishwa ndani ya fremu ya mlango ili umande usitengenezeke hewa inapokuwa na unyevunyevu mwingi. Kazi halali, ila nusu ampea kwa saa ishirini na nne ni ampea-saa kumi na mbili, na kwa betri ya ampea-saa mia moja ambayo hupaswi kuitumia zaidi ya nusu ikiwa ni ya risasi na asidi, hiyo ni karibu robo ya akiba yako kila siku, kwa ajili ya kukausha fremu. Jirani yake kimaovu ni kitufe kilicho kwenye soketi ya antena ya televisheni, chenye taa ndogo ya kijani au nyekundu. Kile hupeleka volti 12 kupanda juu ya paa kuimarisha mawimbi, na hubaki kikiwaka miezi na miezi hata kama hakuna televisheni ndani.

Pale mita iliposema hakuna kitu, nilifungua kibao cha swichi. Kabla ya hapo kebo ya nje ichomolewe, jenereta izimwe, inveta izimwe, bila haraka na bila kubahatisha, kwa maana katika magari ya zamani swichi ya volti 12 na ya umeme mkubwa zinaweza kukaa kwenye kibao kimoja zikiwa na sura moja. Rangi za nyaya nazo ni mtego. Upande wa umeme mkubwa wa Kimarekani, mweusi ndio wenye moto na mweupe ni wa kurudi. Upande wa nyumba wa volti 12, mafundi wengi wa viwandani walitumia nyaya hizo hizo, mweusi ukawa chanya na mweupe hasi. Ukifika upande wa injini, mweusi ni hasi kama kwenye magari mengi. Fundi wa magari akikuta mweusi nyuma ya kibao cha jikoni ataudhania ni hasi wa kufunga kwenye bodi, atapiga shoti. Mimi naamini mita, rangi nimeziachia wachoraji.

Nyuma ya swichi, hesabu miguu. Miwili ni swichi ya kawaida. Mitatu ni ama ile ya kuwasha kutoka sehemu mbili, kama ya pampu, ama yenye taa yake ndani ambayo mguu wa tatu huenda kwenye hasi. Ukikuta sita, na nyaya mbili fupi zimepishana kama herufi X, hiyo inageuza chanya na hasi. Kwa hiyo kuna mota inayokwenda pande mbili: turubai la kivuli, chumba kinachosukumwa nje ya ubavu wa gari kuongeza nafasi, au jeki za kusawazisha gari. Unene wa waya nao unazungumza. Waya mnene, wa milimita mbili za mraba na kuendelea, unabeba mzigo wenyewe. Waya mwembamba unaoishia kwenye swichi kubwa yenye lebo ya kutisha kwa kawaida unakwenda kuamsha rilei tu, yaani swichi nyingine inayobonyezwa na umeme, na mzigo uko kwingine.

Za mota sijaribu peke yangu. Chumba kinachosukumwa nje hakijui kama umeegesha karibu na mti, na jeki haijui nani ameinama chini ya gari. Mtu mmoja asimame nje, mwingine abonyeze kidogo na kuachia. Na ipo moja ambayo haijaribiwi kabisa kabla ya kuangalia: swichi ya umeme ya hita ya maji. Tangi likiwa tupu, koili yake inaungua mara moja, wala haitakupa onyo. Fungua bomba la maji moto kwanza. Maji yakitoka mfululizo bila kukohoa hewa, endelea.

Mbili za dashibodi zinastahili maneno yake. Moja husomeka USE upande mmoja na STORE upande wa pili, ama picha ya betri tu. Hiyo hukata betri ya nyumba kutoka kwenye karibu kila kitu, na ukiibonyeza utasikia "tak" nzito kutoka mahali betri zilipo. Ni solenoidi kubwa inayojifunga, yaani swichi nzito inayosukumwa na sumaku ya umeme. Ikiwa kila swichi ndani ya gari imekufa kwa wakati mmoja, anza hapo kabla ya kumwita fundi. Nyingine ni ya springi, inarudi ukiiachia, na maandishi yake hutaja kuwasha kwa dharura. Inaunganisha betri ya nyumba na ya injini kwa muda unaoishikilia. Wengi wanaijua kwa ajili ya injini iliyokosa nguvu. Wachache wanajua kwamba inafanya kazi upande wa pili pia: jenereta za magari mengi huwashwa kwa betri ya nyumba, hivyo betri hiyo ikichoka, mtu mmoja ashikilie swichi ya dharura na mwingine abonyeze START ya jenereta. Hiyo ya jenereta nayo ina siri yake, kwamba kwenye aina kadhaa ukishikilia STOP jenereta ikiwa imezimwa, pampu ya mafuta inazunguka na kuvuta mafuta. Baada ya kukaa muda mrefu bila kuwashwa, sekunde chache za STOP huokoa dakika nyingi za kupiga stata.

Paneli ya kuonyesha viwango vya matangi na betri ni rahisi, lakini isikudanganye kuhusu betri. Kebo ya nje ikiwa imechomekwa, taa zake zote zinawaka kwa furaha kwa sababu zinasoma volti 13 na zaidi za konveta. Chomoa, subiri, ndipo upime: betri ya risasi iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma karibu 12.1 imebaki nusu. Na tangi la choo likisema limejaa theluthi mbili daima, ni karatasi iliyoganda kwenye kihisi.

Fyuzi nilizipitia mwishoni, na hapo sina mengi. Nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ukichomoa moja, angalia swichi zipi zimekufa, andika kando yake. Soketi za jikoni na za nje zikizimika pamoja, bonyeza kitufe cha soketi ya usalama ya bafuni, ile inayojikata umeme ukivuja, kabla ya kufungua chochote.

Lebo zangu mpya sikuandika majina matupu. Kwenye pampu nimeandika "fungua bomba usikie". Kwenye hita ya umeme, "maji kwanza, kebo ya nje, swichi ya nje". Kwenye ngazi, "haisikilizwi injini ikiwaka". Mgeni anayelala humo hahitaji kujua jina la kifaa kama anavyohitaji kujua nini kingine kinatakiwa kukubali.

Swichi moja ilibaki, chini ya dashibodi upande wa kushoto, nyeusi, yenye miguu miwili. Mita haikuona ampea, haikuona volti kwenye mguu wowote, ufunguo ukiwa umewashwa au umezimwa. Waya wake mmoja uliingia sakafuni ukaishia hewani, umezungushwa tepu. Nikampigia simu mzee aliyeniuzia gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari limegoma?"

"Halijagoma. Ile swichi nyeusi chini ya usukani, upande wa mlango, ilikuwa ya nini?"

Akacheka kwanza. "Hiyo? Hata mimi niliikuta. Nikamuuliza aliyeniuzia, naye akasema aliikuta."

Nikaufunika waya kwa kofia ya plastiki, nikairudisha swichi kwenye tundu lake ili vumbi lisiingie.